Tangi Lililovuka Mpaka Bila Mimi

Waliowaambia kwamba nilivuka mpaka wa Uganda nikiwa ndani ya tangi la maji waliwadanganya. Tangi lilivuka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshatoka humo, nikalifuata kwa miguu, kiatu kimoja. Nimeandika haya kwa sababu tangu nirudi, kila nikienda kusaga mahindi au kunyolewa, mtu ananiuliza, na kila anayeuliza tayari ana hadithi yake tamu kuliko yangu. Someni, kisha mniache nipalilie mpunga.

Budalang'i mpaka Matayos

Masika yalikuwa yameanza lakini hayajaamua. Kwetu huo ndio wakati mbaya, maana jua linawaka vizuri, watu wameanika omena, dagaa wa ziwani, na mto Nzoia unapanda kimyakimya kwa mvua zilizonyeshea watu wengine. Mke wangu Amoit hakuweza kuondoka, kwa kuwa lazima mtu abaki aangalie mto. Akanituma mimi kwa mama yake.

Mama yake tunamwita Toto, kwa sababu ndivyo Wateso humwita mama. Alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho Busia, akalala usiku mmoja kwa shemeji yangu Matayos. Jicho lile lilikuwa limefungwa kitambaa, la pili bado lina ukungu, hivyo alikuwa akiona vivuli tu. Amri za Amoit zilikuwa wazi. Nimfikishe kwake, mbele kidogo ya Malaba, siku hiyohiyo, kwa kuwa kesho yake asubuhi angefunguliwa katika zahanati ya huko. Jicho lisiingie vumbi, lisiingie maji. Asiiname. Asibebe tena mtungi kutoka kisimani, kwa hiyo ninunue tangi Busia la kukinga mvua na nilipeleke pamoja naye.

"Na jicho hilo likiharibika," aliniambia akinifunga kola kama ninakwenda kuoa tena, "usirudi hapa na hadithi."

Wale ambao hamjaoa Uteso hamwezi kuelewa uzito wa mzigo huu. Kwa kina Toto, mkwe wa kiume hamshiki mama mkwe mkono, hali naye, haketi karibu naye, na akiweza haongei naye. Kwetu Wanyala pia tunaheshimu wakwe, lakini Toto anaheshimiwa kama waya wa stima: unajua upo, unapita mbali. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimezungumza naye kwa kumnong'oneza Amoit, hata tukiwa uwanja mmoja, kila mmoja akitazama upande wake.

Nilivaa viatu vyangu vya harusi, nikafunga gunia dogo la mchele wa zawadi nyuma ya boda boda, tukaondoka. Mvua ilininyeshea, jua likanikausha, mvua ikarudi kama mtu aliyesahau kitu. Nilipofika Matayos upande wangu wa kulia ulikuwa mkavu na wa kushoto unachuruzika. Shemeji aliniuliza kama nilianguka mtoni.

Matayos mpaka Busia

Swali la kwanza lilikuwa hili: unamwongozaje mtu asiyeona ambaye huruhusiwi kumshika?

"Fimbo," alisema shemeji.

Toto akashika ncha moja, mimi ncha nyingine, tukatoka hivyo mpaka barabarani, mimi mbele yeye nyuma. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama akatutazama, akauliza, "Boss, huyo mama ameshikwa kwa kosa gani?"

Gari tulilokodi lilikuwa pikapu ya kijana mmoja wa Kiteso, Emase, mtu mwenye imani mbili: Mungu na simu yake. Simu ndiyo ilimwambia hali ya hewa.

"Leo jua siku yote," alisema, akinionyesha kijijua cha manjano kwenye kioo. Wakati huo tulikuwa tumejibanza chini ya mabati ya duka, mvua inamwagika mpaka hatusikilizani.

"Na hii?"

"Hii haiko kwa simu, mzee. Hii inapita."

Toto alikaa mbele pamoja naye. Mimi nilipanda nyuma. Na kwa kuwa Amoit hakuwepo, Emase akawa mjumbe. "Mwambie mkwe wangu ashike vizuri," Toto alikuwa akisema, na sauti yake nikiisikia mwenyewe kupitia kidirisha cha nyuma. "Mzee, mama anasema ushike vizuri," alisema Emase. "Mwambie mama nimeshika." "Mama, ameshika." Tulikwenda hivyo mpaka Busia, na kijana wa watu hata mara moja hakucheka.

Kwenye duka la matangi Toto alipelekwa mbele ya tangi moja baada ya jingine. Aliyagonga kwa kiungo cha kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni, akitega sikio. La kwanza alisema linakohoa. La pili lina maneno mengi. Dada wa duka alijaribu kumweleza habari za plastiki ya tabaka tatu, Toto akainua mkono anyamaze, akagonga jeusi moja, refu kumpita yeye, na akatulia.

"Mwambie mkwe wangu, hili limenyamaza. Tuchukue hili."

Tulililaza nyuma ya pikapu, tukalikaza kwa kamba. Nafasi iliyobaki ilikuwa yangu, ya gunia la mchele, na ya aibu kidogo, maana kila mtu Busia alitaka kujua kama ninauza maji.

Busia mpaka karibu na Chakol

Tulipopita Alupe ndipo nilipogundua kwamba dirisha la upande wa Toto halina kioo. Emase alikuwa amesema asubuhi kwamba "lina shida kidogo," nami nilidhani shida ni ya kitasa.

Nchi ile ya kaskazini ni tambarare, unaona mvua ikitoka mbali kama mgeni, na unapata muda wa kujiuliza inakwenda kwa nani. Siku hiyo zilikuwepo kadhaa. Kushoto, upande wa Uganda, jua lilikuwa linawaka juu ya mihogo. Kulia kulikuwa kweusi kama sufuria. Katikati, juu yetu, upepo ulianza kuzungusha vumbi jekundu mpaka likasimama wima kama mti, likatuvukia barabara bila haraka na kuingia dirishani kwa Toto.

Niligonga paa. "Mwambie mama afunike jicho!"

"Mwambie nimefunika kabla hajazaliwa!" Toto alijibu. Alikuwa amejizungushia leso kichwani mara nyingi mpaka hakuna sehemu iliyobaki ya kuongelea.

Mbele tukakuta foleni ya malori yanayokwenda mpakani, yamesimama, madereva wanapika chai chini ya matela. Emase akasema anajua njia ya mkato. Njia yenyewe ilikuwa ya udongo mweusi, na tulikuwa tumekwenda kidogo tu mvua ilipoanguka yote kwa pamoja. Pikapu iliteleza upande, ikakaa kwenye tope kama kuku anayetaka kutaga.

Kisha ikaanza mvua ya mawe. Mwanzoni kama punje za mahindi. Halafu kama njugu mawe. Dirisha la Toto lilikuwa linayapokea kama pakacha.

"Tangini!" nilipiga kelele. "Emase, mwambie mama aingie kwenye tangi!"

Tulilegeza kamba, tukaligeuza tangi mdomo uangalie mbali na upepo. Emase, ambaye hakuwa mkwe wa mtu, alimbeba Toto juu juu. Toto ni mwembamba kama ufito. Alitanguliza miguu, akateleza ndani akiwa ameketi wima, bila kuinama, kama daktari alivyotaka. Emase alirudi ndani ya gari akajifunika karai. Mimi nikabaki nje nyuma ya pikapu, nimejitwika gunia la mchele, mawe yananipiga mabegani, nikijiambia kwamba mawe nayo ni maji tu.

Sauti ikatoka tangini, nzito kama ya redio. "Emase! Mwambie mkwe wangu aingie!"

Emase alikuwa chini ya karai, hasikii lolote.

"Emase!"

Jiwe moja, naapa, lilikuwa kama yai la bata. Liliniangukia mguuni.

 Kisha: "Wewe! Ingia!"

Hilo ndilo neno la kwanza Toto aliloniambia mimi mwenyewe. Nilisema, "Mama, haiwezekani."

"Kichwa chako kikipasuka, nitamwambia nini binti yangu? Kwamba nilikaa pakavu nikisikiliza?"

Niliingiza miguu, kiuno, halafu tumbo likakataa. Mnanijua. Nilikwama pale, nusu mtu na nusu kizibo, mawe yakinipiga usoni, na mama mkwe wangu akaniamuru kutoka gizani, "Toa pumzi yote!" Nikaitoa. Nikaanguka ndani kwa kishindo, kiatu kimoja kikanivuka kikapotelea gizani humo humo.

Tulikaa mgongo kwa mgongo ili mtu asimtazame mwenzake, ingawa mmoja alikuwa na kitambaa jichoni na giza lilitutosha wote. Mawe yalilia juu yetu kama watu elfu wanatwanga. Ilibidi tupige kelele ili kusikilizana.

"Unalima nini huko kwenu?" Toto aliuliza.

"Mpunga."

"Amoit aliniambia. Nilitaka nisikie kwako." Baadaye akasema, "Una sauti nzuri. Nilidhani wewe ni bubu. Nilimwombea Amoit miaka mingi."

"Kwa sababu ya ububu wangu?"

"Mume bubu si mbaya. Nilikuwa naombea watoto wasimfuate."

Nilicheka. Naye akacheka, na mgongo wake ukawa unatikisika dhidi ya wangu, na kwa muda sikusikia mawe. Akaniuliza habari za mafuriko, kama ni kweli tunapika juu ya meza maji yakiwa yametufika magotini. Nikamwambia ni kweli. Akasema kwao ni kinyume, wanaweza kukaa wanaitazama mvua ikimnyeshea jirani mpaka wakamchukia bure.

Chakol

Mawe yaliisha ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Jua likatoka, na tangi jeusi likaanza kuwaka. Tulikuwa tunajadili nani atangulie kutoka, na kwa heshima gani, tuliposikia watu. Walikuwa wametoka soko la Chakol kuja kutusaidia kusukuma pikapu.

"Kuna mtu humu!" mama mmoja alisema.

"Ni wawili!"

Emase, ambaye siku nzima alikuwa mjumbe mwaminifu, akaona ajibu. "Ni mzee na mama mkwe wake."

Nimewahi kusimama mbele ya chifu, nimewahi kusimama mbele ya mwenye duka nikiwa sina senti, lakini sijawahi kutazamwa kama nilivyotazamwa nikijichomoa kwenye mdomo wa lile tangi huku watu wawili wakinivuta makwapani. Toto alitoka baada yangu, amebebwa na akina mama, leso imekaa sawa kichwani. Alisalimia kwa Kiteso, "Yoga," kama mtu anayetoka kanisani.

Walitusukuma mpaka sokoni, na huko ardhi iliyoloa ilikuwa imeanza kutoa kumbikumbi. Wakubwa kwa wadogo walikuwa wanawakimbiza kwa beseni na leso. Mama Chakula mmoja aliwakaanga palepale, akawaweka kwenye sahani na ugali wa wimbi. Toto alipewa kiti mbele ya kibanda. Mimi, kwa kuwa desturi ilikuwa imeanza kutumika upya, nilipelekwa nyuma, nikala nikiuangalia ukuta.

"Samahani, mzee," Mama Chakula aliniambia akiniongezea. "Kwa tangi mlikaa pamoja. Kwa sahani ndiyo mnaogopana?"

Niliendelea kutafuna. Kumbikumbi walikuwa watamu sana.

Simu ya Emase ilisema hakuna upepo. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kuikaza tena kamba tuliyoilegeza.

Chakol mpaka Uganda, bila kutarajia

Emase alikataa lami kwa sababu ya malori, akafuata tena njia za udongo, na njia moja ilitupeleka karibu kabisa na kijito ambacho ng'ambo yake ni Uganda. Nilikuwa nimesinzia kwa shibe. Upepo ulikuja bila kubisha. Nilihisi kitu kikubwa kinaniaga mgongoni, nikafumbua macho, na tangi lilikuwa hewani.

Lilidunda mara ya kwanza kwenye shamba la mihogo. Mbuzi wakatawanyika. Likadunda tena, likabingirika mteremkoni kwa raha, likaingia kijitoni, likaelea, na upepo ukalisukuma taratibu mpaka upande wa pili kama mtu aliyezoea kuvuka hapo kila siku.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kinafanya mtu akimbie kama fisi. Maji yalinifika mapajani, nikatokea ng'ambo, na pale chini ya turubai kulikuwa na kikundi cha waumini wenye ngoma. Walikuwa wamelizunguka tangi, mikono juu.

"Wakubwa, poleni," nilisema nikihema. "Tangi ni langu."

Mwinjilisti wao, mtu mpole mwenye kanzu nyeupe, alinitazama kwa huruma, akaniita bwana kwa Kiganda. "Ssebo, mvua inanyesha kwenu Kenya kila siku, inafika hapo kwa kijito inarudi, kama haina kitambulisho. Sisi tumefunga, tumeomba maji. Mungu ameleta chombo kwanza. Maji yanakuja nyuma."

"Chombo ni cha mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako ni Mungu?"

"Kwao ni karibu."

Hakucheka. Ngoma ikaanza upya. Nilipotazama ng'ambo nilimwona Toto amesimama ukingoni, Emase akimshika kiwiko, upepo unachezea kitambaa cha jicho. Nilimpungia arudi garini, nikasahau kwamba haoni.

"Wanasemaje?" alipaza sauti. Aliniuliza mimi, hakumuuliza Emase.

"Wanasema limetoka kwa Mungu!"

Toto alijaza kifua. "Basi waangalie ndani waniambie Edeke anavaa kiatu cha namna gani!"

Wengi wao walikuwa Wateso pia, na Mungu wakamsikia kwa jina lake. Ngoma ikasita. Mama mmoja akaingiza mkono, akatoa kiatu changu cha harusi, kimekunjamana. Nikainua mguu wangu mtupu uonekane.

Mwinjilisti alikipima kwa macho. "Sawa, kiatu ni chako. Kilifikaje ndani? Mtu hatupi kiatu chake kwenye tangi jipya. Labda ulilikuta hapa, ukakitupa sasa hivi."

 Mbele ya watu wale, wanaojua vizuri mkwe ni nani na mama mkwe ni nani, ningesema nini? Chakol ilituona kwa bahati mbaya. Huku ingekuwa mimi ndiye niliyemvua Toto heshima kwa mdomo wangu. Nilisema kilianguka tu. Wakaguna. Nilikuwa tayari kuwaachia.

"Alikuwa ndani na mimi!" Sauti ya Toto ilivuka maji ikiwa imenyooka. "Mvua ya mawe ilitupiga. Mimi mwenyewe nilimwita. Mkwe wangu na mimi, mgongo kwa mgongo, ndani ya hilo tangi. Sasa mmejua. Leteni tangi langu."

Ngoma ilinyamaza kabisa. Bibi mmoja mzee alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakaanza kumtetemeka, akacheka mpaka akakaa kwenye tope, na waliojaribu kumwinua wakakaa naye.

Mwinjilisti peke yake alibaki na uso wa kazi.  "Ndugu zangu," alisema mwishoni, "chombo kilichobeba mkwe na mama mkwe wake, kanisa haliwezi kunywa humo."

Walilibeba wenyewe kulirudisha, wanaume wa nguvu, wakiimba. Walipofika katikati ya kijito, matone makubwa yakaanza kuanguka upande wa Uganda. Waliruka kwa furaha, wakaliachia, na nusura liende tena. Mwinjilisti alinikumbatia akiwa ameloa, akaniambia nisalimie nyumbani. Alinisahaulisha kiatu changu, wakabaki nacho.

Malaba mpaka nyumbani kwa Toto

Njia iliyobaki nililala juu ya tangi, nimelikumbatia kwa mikono na miguu.  Nilijua Toto anafikiria nini. Yeye ndiye huwafundisha wake wa ukoo jinsi ya kuheshimiana na wakwe.

Tulipopita Malaba, dereva wa lori mmoja alimwita Emase, "Boss, hao ndio wa tangi?" Habari ilikuwa imetutangulia.

Nyumbani tuliwakuta wanawe wamekaa na wazee wawili wa ukoo, nyuso ndefu. Shemeji mkubwa alianza kusema kwamba jambo hili litahitaji kuku wa kusafisha, na pengine mbuzi. Toto alimkatiza. Alisema kuku achinjwe, yeye hana ugomvi na mchuzi. Lakini kwanza mtu ampe mkwe kiti, ndani, siyo nje chini ya mchongoma kama siku zote. "Amenishika?" aliwauliza wazee. "Hakunishika. Amenifikisha."

Wakatafuta kiti.

Tangi lilisimamishwa kando ya nyumba, na hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba paa halina mfereji wa kukinga maji. Hakuna aliyefikiria. Wanawe walipinda bati kuukuu, wakalining'iniza kwa waya, na mvua ikaenda kunyesha Tororo. Niliambiwa wiki iliyofuata kwamba limejaa mpaka linamwagika, na kwamba majirani wanachota, ila wengine wanauliza kwanza kama limesafishwa.

Asubuhi tulikwenda zahanati. Mhudumu, dada mchangamfu, alimkalisha Toto mlangoni penye mwanga, akafungua kitambaa polepole. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mawe. Nilisimama mbali, karibu na ua, nikiwa nimevaa kandambili za kuazima.

"Jicho ni safi," alisema dada. "Toto, unaona nini?"

Toto alipepesa. Machozi yalimshuka, akayaacha. "Naona una mwanya," alisema. "Naona nguo zimeanikwa, na mawingu yanakuja kuzilowesha. Naona mtu mfupi mwenye kitambi kule uani. Ni mgonjwa?"

"Huyo si ndiye mkwe wako?"

 Toto alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akarudi juu.

"Amoit aliniambia ni mrefu," alisema.

Dada wa zahanati akageukia ukuta, mabega yanatikisika. Mimi sikujua nitazame wapi. Nilitazama chini, kama tulivyofundishwa, nikasikia Toto akijisogeza kwenye benchi, akiacha nafasi.

"Njoo hapa karibu," aliniambia. "Nikuone vizuri."

Nikasogea.